Mbili Mara Tatu

Mwalimu mstaafu mmoja wa Mlandege, pale Iringa mjini, alifundisha hesabu miaka mingi mpaka chaki ikamkinai. Kwa hiyo alipouziwa vidonge vya maumivu ya mgongo, vikiwa ndani ya kibahasha cha kaki kilichoandikwa kwa kalamu "2×3", hakuona sababu ya kumsumbua mtu kwa maswali. Alifika nyumbani, akavua koti, akaagiza maji ya uvuguvugu, akameza sita.

"Mwalimu, vyote hivyo?" mkewe akauliza.

"Mbili mara tatu ni sita, mama. Tangu ukoloni."

Mkewe aliishia darasa la saba, lakini ameuguza mama mkwe, ameuguza watoto na sasa anauguza wajukuu. Alijua kwamba mbili mara tatu ya dirisha la dawa si ile ya ubaoni: ni viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku. Akapiga simu dukani. Muuzaji akasema mzee asiguse kingine hadi kesho, na akianza kutapika au tumbo likimuuma, apelekwe hospitali bila kungoja. Mzee alilala salama, akaamka na mgongo uleule na hoja mpya: anayeandika hesabu ambayo si hesabu ndiye wa kulaumiwa.

Hoja ina uzito, ukiacha kiburi. Chukua paracetamol: kidonge chake cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima humeza kimoja au viwili kwa mara moja, akakaa saa 4 hadi 6 kabla ya kurudia, na asivuke vidonge 8 kwa saa 24, yaani gramu 4. Akivuka mbali, anayeumia ni ini, na ini lina tabia mbaya ya kunyamaza. Mtu anaweza kujiona mzima siku ya kwanza, akala, akacheka, akapiga soga kibarazani, kumbe ndani mambo yameshaharibika. Macho yanapogeuka manjano, muda mzuri wa kumsaidia umeshapita. Na hatari hiyo haihitaji mtu abugie kiganja kizima. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni au Julai karibu kila pua inachuruzika. Mzee anameza Panadol kwa ajili ya kichwa, anakunywa dawa ya mafua ya pakiti, halafu jioni jirani anamletea "kitu kizuri cha kukatisha baridi". Majina matatu, maboksi matatu, na ndani ya yote paracetamol ileile.

Madirisha haya ya dawa yametoka mbali. Zamani kulikuwa na duka la dawa baridi, ambalo kisheria lilipaswa kuuza dawa zisizohitaji cheti tu, ingawa mteja aliyejua kuomba kwa sauti ya chini hakukosa kitu. Mwaka 2003 yakaanzishwa Songea, mkoani Ruvuma, Maduka ya Dawa Muhimu, kwa mpango wa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) na shirika la Management Sciences for Health. Wauzaji walipewa mafunzo, maduka yakakaguliwa, yakaruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa zikiwemo baadhi ya zile za cheti, na mpango ukasambaa hadi mikoa mingine. TFDA yenyewe ilibadilishwa mwaka 2019 ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), nayo ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Wateja hawana habari na vifupisho hivyo. Kwao, kila aliyevaa koti jeupe nyuma ya kioo ni "dokta", na maneno ya dokta yanapokewa kwa heshima, kwa kichwa kinachotikisika, na mara nyingi bila kueleweka.

Shangazi yake mkamwana wa Mwalimu alikuja kutoka Pawaga akiwa na jino lililovimba shavu lote. Akaandikiwa dawa, akaambiwa: kidonge kimoja kila baada ya saa nane. Mwanamke mwenye nidhamu, hakukosa hata siku. Saa nane mchana ilipogonga, sahani zikiwa bado mezani, alimeza kidonge kimoja. Kesho yake saa nane, kimoja. Keshokutwa saa nane, kimoja. Dozi ya siku saba ikamchukua wiki tatu, na jino likawa linamtazama tu.

"Shangazi, ilikuwa mara tatu kwa siku," mkamwana alimwambia alipogundua.

"Mwanangu, yule kijana alitaja saa, nami nimefuata saa. Kama alitaka mara tatu angetaja mara tatu."

Hapo dokta wa dukani angepaswa kusema asubuhi, mchana na usiku, akahesabu kwa vidole, basi. Lakini nyuma ya shangazi palikuwa na foleni, na foleni ya Mlandege haina subira: kuna mwenye mtoto mgongoni, kuna wa bodaboda aliyeacha injini inaunguruma, na kuna yule anayenyoosha mkono juu ya vichwa vya wenzake akiomba "ile ya juzi".

Mseto nao una saa zake, na hizo ni ngumu zaidi. Dawa hii ya malaria, artemether na lumefantrine, mtu mzima wa kilo 35 na kuendelea humeza vidonge 4, kisha 4 vingine baada ya saa 8, halafu 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla ni 24. Ukianza saa mbili usiku, dozi ya pili inaangukia saa kumi alfajiri. Hapo ndipo watu wazima wenye akili zao hujiambia kuwa alfajiri na asubuhi ni majirani, wakajifunika blanketi. Pale mtaani anayetajwa kwa kuifuata sawasawa ni mama muuza maandazi, naye hastahili sifa kubwa: saa kumi tayari anakanda unga.

Wazee wakilalamikia wingi wa vidonge hivyo, hawakosi kuikumbuka klorokwini, si kwa upendo. Ilikuwa chungu, na wengi iliwawasha mwili mzima hadi mtu akajikuna mgongo kwenye fremu ya mlango. Kufikia Agosti 2001 vimelea vilikuwa vimeizoea kiasi kwamba Tanzania ikaiacha na kuingia kwenye SP, ile ya vidonge vitatu mara moja tu. SP nayo ikachoka mapema, na mwishoni mwa 2006 mseto ukachukua nafasi. Ukitazama mfuatano huo, utaona ni dawa zinazochoka, nyingine ndani ya miaka michache, na moja ya sababu za kuchoka ni dozi zinazokatishwa siku ya pili mgonjwa akishaweza kula ugali.

Kichekesho ni kwamba mseto mwingi unaomezwa kwa kubahatisha Iringa haukutani na malaria yoyote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5 mkoani humo ikiwa chini ya asilimia 1. Mbu wa Pawaga kwenye mashamba ya mpunga anastahili heshima yake, na msafiri aliyetoka Dar es Salaam au Kilombero akipata homa apimwe malaria mara moja. Lakini yule ambaye hajavuka hata Ipogolo, pale pembeni ya mji, anayetetemeka mwezi wa saba huku amevaa sweta mbili, huenda ana nimonia au maambukizi ya mkojo, na wakati anahesabu vidonge vya mseto ugonjwa wake wa kweli unaendelea kuota mizizi. Kipimo cha haraka hutumia tone la damu na majibu hutoka ndani ya dakika 15 hadi 20 hivi. Ni muda mfupi kuliko wa kubishana na mama mkwe kuhusu aina ya homa.

Dawa zinazobaki huenda wapi? Nyumbani kwa Mwalimu zinaenda kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Siku mkamwana alipolishusha na kulimwaga mezani, yalitoka haya: vipande vya pakiti za vidonge vilivyokatwa kwa mkasi dukani, kimoja kikiwa kimebakiza herufi "cin" na kingine hakina hata herufi, tarehe ya mwisho wa matumizi ikiwa imebaki kwenye kipande cha mteja mwingine, chupa ya dawa ya macho iliyofunguliwa mwaka uliopita, ilhali nyingi za aina hiyo zinatakiwa kutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, betri mbili za redio, sindano na uzi mweusi, ufunguo usiojulikana ni wa mlango upi, na, bega kwa bega na dawa ya macho, kichupa cha supa gluu chenye umbo na ukubwa uleule. Majarida ya udaktari duniani yana kesi za watu waliojidondoshea gundi hiyo machoni wakidhani ni dawa. Mwalimu husoma kwa miwani, na miwani huwa haijulikani iko wapi. Mkamwana aliitoa gundi bila kutoa hotuba.

Kwa wanaojitibu kwa mabaki kama hayo kuna onyo la zamani sana. Tarehe 11 Desemba 1945, mjini Stockholm, Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alitoa mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel. Badala ya kujisifu mpaka mwisho, alisimulia kisa cha kubuni cha bwana mmoja aliyemwita X. Bwana X anaumwa koo. Ananunua penisilini, anajitibu mwenyewe kwa kiasi kisichotosha kuua vijidudu lakini kinachotosha kuvifundisha kuhimili dawa. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, dawa haifui dafu, mke anafariki. Fleming akauliza ni nani hasa aliyesababisha kifo hicho, akamnyooshea kidole Bwana X. Yote haya yalisemwa wakati penisilini ndiyo kwanza inaanza kuwafikia raia wa kawaida.

Bwana X angefika Mlandege asingejisikia mgeni. Angekaribishwa kiti, chai na kidonge. Maana hapa pana jambo ambalo mabango ya afya hulipita haraka: dawa nyingi zinazotumika vibaya mtaani hazitolewi kwa uzembe, hutolewa kwa upendo. Jirani anakohoa usiku, ukuta ni mwembamba, unamsikia. Asubuhi utamwachaje hivihivi? Dawa inavuka uzio kama chumvi. Mpokeaji anashukuru kwa magoti, anaulizia watoto, anapewa na ndizi. Hakuna anayeulizia aleji ya salfa, ujauzito, vidonda vya tumbo, wala dawa ya presha anayotumia mgonjwa, kwa sababu maswali hayo yangefanana na kuukataa msaada. Kidonge cha jirani huja na huruma tele, ila karatasi ya maelezo ilitupwa siku kilipofunguliwa.

Vidonge vya rangi mbili vina umaarufu wa pekee. Kuna wanaovipasua na kumwaga unga wake juu ya kidonda, wakiamini dawa ikigusa jeraha moja kwa moja haitapotea njia tumboni. Kuna wanaowapa kuku. Mama Mwalimu, kwa ushahidi wa wajukuu, aliwahi kuchanganya unga wa vidonge viwili kwenye maji ya majogoo waliokuwa na mafua, na majogoo walipopona familia ikawala Jumapili ileile. Hakuna aliyemuuliza daktari wa mifugo ni siku ngapi dawa inatakiwa itoke mwilini mwa kuku kabla hajaingia kwenye sufuria. Uganda walifika mbali zaidi: mwaka 2023 Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya nchi hiyo ilikiri mbele ya wabunge kwamba dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwa zinalishwa nguruwe na kuku, wafugaji wakizitegemea kutibu na kunenepesha.

Tukija kwenye chakula, Mwalimu na mkewe wana vita ya muda mrefu kuhusu maziwa. Mama anaamini kila dawa imezwe na maziwa ili isichome tumbo. Mwalimu anaamini maziwa yanaua dawa, kwa hiyo hata mseto anaumeza kwa maji matupu akiwa hajala. Jambo la kuudhi ni kwamba wote wawili wamepatia na wote wamekosea. Mseto hupenda mafuta: ukimezwa na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, mwili unaufyonza vizuri zaidi. Tetracycline na ciprofloxacin ni kinyume chake. Kalsiamu ya maziwa huzishika dawa hizo tumboni zikashindwa kuingia kwenye damu kama inavyotakiwa, na mgonjwa anaweza kumaliza dozi nzima akiwa ametibu nusu yake. Iringa ni nchi ya maziwa na mtindi, kwa hiyo swali la kuuliza dirishani si dogo: hii nayo inaelewana na maziwa?

Chai je? Mkamwana alipokuwa mjamzito alipewa kliniki vidonge vya madini chuma, akawa anavimeza asubuhi na chai ya rangi ya Mufindi, nzito, vikombe viwili. Chai hupunguza sana madini chuma yanayofyonzwa. Muuguzi alimshauri atumie maji au juisi ya chungwa, na chai aiweke mbali na saa ya dawa. Alimwonya pia kuhusu choo kuwa cheusi, jambo la kawaida kwa vidonge hivyo, ambalo lingeweza kumpeleka mbio kwa bibi anayefukiza.

Balungi lina hadithi yake. Mwaka 1989 watafiti mjini London, ule wa Ontario nchini Kanada, wakiongozwa na David Bailey, walitaka kujua kama pombe inagongana na felodipine, dawa ya presha. Ili washiriki wasitambue ladha ya pombe, wakaichanganya na juisi ya balungi. Kiwango cha dawa kwenye damu kikapanda kupita matarajio, hata kwa waliokunywa juisi bila pombe. Aliyekuwa na hatia ni balungi. Huzuia kimeng'enya cha utumbo ambacho kwa kawaida huharibu sehemu ya dawa kabla haijaingia mwilini, na orodha ya dawa zinazoguswa imekua tangu hapo: nifedipine imo, baadhi ya dawa za kolesteroli zimo. Mzee wa presha anayekula balungi kila asubuhi kwa ajili ya afya anapaswa kumtajia daktari tunda hilo kwa jina.

Halafu kuna ulanzi.

Jirani wa pili wa Mwalimu, mzee mcheshi, alipatikana na amiba akapewa metronidazole, ambayo wengi huiita Flagyl hata kama boksi lina jina jingine. Dokta alimwambia asinywe pombe. Mzee akaitikia kwa moyo mweupe. Jioni, ikiwa ni msimu wa mvua na mianzi inatoa ulanzi kwa wingi, akakaa na wenzake kwenye kibao, akapokea kikombe.

"Mzee, si umekatazwa?" kijana mmoja akamkumbusha.

"Nimekatazwa pombe, mwanangu. Huu ni mtogwa. Ni maji ya mti."

Mtogwa, ule ulanzi mbichi mtamu, hauna subira. Unachacha ndani ya kikombe ukiwa unaangaliwa, na kufikia jioni umeshaelekea kuwa mkangafu. Mzee alianza kuona joto usoni, moyo ukaenda mbio, kisha akatapika mbele ya marafiki zake wa miaka yote, ambao kwa wiki nzima walidai ulanzi wa siku hiyo ulilogwa. Wataalamu wa siku hizi wanabishana ni wangapi hasa hupatwa na hali hiyo wakichanganya metronidazole na kilevi, lakini karatasi ya maelezo bado inaonya: usinywe wakati wa dozi, wala kwa angalau saa 48 baada ya kuimaliza. Haikutaja ulanzi, kweli. Aliyeiandika hakuwahi kupita Iringa.

Dawa nyingine huleta usingizi. Mdogo wake Mama Mwalimu, dereva wa lori, aliwashwa mwili asubuhi ya safari ya Dar es Salaam akameza Piriton mbili kwa pamoja, moja ya kuwashwa na moja ya tahadhari. Walipokaribia Ilula, utingo, ambaye ni mtoto wa dada yake, alimgusa bega kwa adabu zote: "Mjomba, shikamoo, ila barabara iko huku." Mbele yao palikuwa na mteremko wa Kitonga, wenye kona na malori yanayoshuka yakinuka breki. Mjomba, heshima kwake, hakubisha. Aliegesha Ilula akalala hadi alasiri. Tajiri wa lori alipopiga simu kuuliza gari liko wapi, utingo alimjibu ukweli, kwamba limesinzia.

Lakini katika mkoa huu wapo watu wanaotumia dawa kwa nidhamu ambayo Mwalimu hajawahi kuifikia. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, ilhali Tanzania nzima ni 4.4. Siku hizi wengi humeza kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake, baada ya miaka ya viganja vizima. Kaa kwenye ukumbi wowote wa sherehe mpaka saa tatu usiku: simu hulia hapa na pale, wenye simu huinuka taratibu kwenda kuchota maji, na wengine hujifanya wanasikiliza muziki. Hakuna aliyewafundisha ustaarabu huo kwa semina. Aibu ndiyo bado inayoleta ajali. Vidonge vikiwa ndani ya kopo vinalia ukitembea, kwa hiyo wapo wanaoweka pamba ndani ili vinyamaze, na wapo wanaovihamishia kwenye mfuko wa plastiki au kopo la dawa nyingine. Hapo mgeni mwenye kichwa kinachouma anaweza kujihudumia asichokijua, na mwenyewe akabaki na upungufu mwisho wa mwezi.

Nidhamu hiyo iliwahi kujaribiwa vikali. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa kijiji cha Samunge, Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni ya kilomita kwa kilomita. Vikombe vingine vikachipuka hadi Tabora na Mbeya. Wapo waliorudi wakaacha dawa za VVU, za kisukari na za presha, wakijihesabu wamepona, na wapo ambao hali yao ilizidi kuwa mbaya. Mwasapile alifariki mwaka 2021. Ndani ya nyumba ya Mwalimu somo la Loliondo halijakamilika: yeye mwenyewe humeza dawa ya presha siku kichwa kinapouma tu, na akipimwa akakutwa sawa anaacha, akisema amehitimu. Presha haina cheti cha kuhitimu. Inakaa sawa kwa sababu dawa imo, na ikipanda kimyakimya haimpigii mtu hodi.

Watoto ndio wanaolipa makosa ya wakubwa bila kushirikishwa. Dawa ya antibiotiki ya unga kwenye chupa hutiwa maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi alama iliyochorwa, si hadi mdomoni, na ikishachanganywa haikai mwezi. Nyingi ni siku 7, au 14 zikiwa kwenye friji, kama lebo inavyosema. Kipimo ni kile kijiko au bomba la plastiki lililokuja ndani ya boksi. Kijiko cha dawa cha mililita 5 na kijiko cha kulia wali, kinachobeba kama 15, vinatofautiana mara tatu, na usiku, taa ya simu ikiwa mdomoni, vyote ni vijiko. Mwaka 2009 ulitoka mseto wa watoto unaoyeyuka kwenye maji, wenye ladha ya cheri, na wazazi wakapumua kwa kuwa hakukuwa tena na kubana pua. Ladha hiyo ina bei yake: mtoto akiambiwa dawa ni pipi, siku moja ataitafuta pipi mwenyewe, na mabega ya wenzake yatamfikisha juu ya kabati.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujatoka dirishani mrudishie dokta maneno yake kwa mdomo wako: ngapi, saa ngapi, siku ngapi, kabla au baada ya kula, na inakatazwa na nini. Mwombe asikikate kipande chenye jina na tarehe. Mtajie mimba, aleji na dawa nyingine unazomeza, mitishamba ikiwemo, na ulanzi ukiwemo. Foleni ikiguna, iache igune. Na siku ya kliniki usimsimulie daktari "ile nyeupe ya duara" na "ile ndogo ya pinki". Shusha kopo lote la biskuti, litie kwenye mkoba, ulibebe kama lilivyo, pamoja na vidonge alivyokupa jirani.